Uanzie wapi kujifunza ushauri wa kichungaji? Njia nne zikilinganishwa

Anayetaka kujifunza misingi ya ushauri wa kichungaji hukutana na mambo mengi kwa mpigo. Kuna kozi za mtandaoni zinazoahidi cheti, kuna chuo cha Biblia chenye somo la ushauri, kuna hospitali inayopokea wanafunzi wa theolojia, na kuna mchungaji mzee anayemwambia, "Mwanangu, wewe njoo tu tutembee pamoja." Kila upande una watetezi wake, na baadhi yao hawapatani hata kidogo. Wapo wanaosema saikolojia haina nafasi katika chumba cha mchungaji, na wapo wanaosema mchungaji asiyejua saikolojia ni hatari kwa kondoo wake.

Hapa nazilinganisha njia nne: kulelewa na mchungaji mzoefu, ushauri unaosimama juu ya Biblia, ushauri unaounganisha imani na saikolojia, na mafunzo ya kliniki hospitalini. Zote ni za Kikristo na zote zimetoa washauri wazuri. Zote pia zimetoa watu ambao, siku ya msiba wangu, ningeomba wasinikaribie.

Vigezo

Cha kwanza ni msingi: njia hii inaamini shida ya mtu inatoka wapi, na msaada wake unatoka wapi? Cha pili ni nani atakayekusahihisha. Hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu unaweza kusoma mengi kuhusu kusikiliza na bado usijue kusikiliza. Panahitajika mtu wa pili, aliyeona ulivyokaa na mwenzako, akuonyeshe pale ulipomkatiza. Cha tatu ni muda na gharama. Cha nne ni mazito: njia hii inakuandaa vipi kumpokea mtu anayefikiria kujiua, mke anayepigwa, au kijana anayesikia sauti wasizozisikia wengine?

Ili tusibaki hewani, tuseme kuna mtu mmoja tutakayempitisha katika njia zote nne. Ni mzee wa kanisa, ana miaka 52. Amepoteza kazi, usiku halali, na ameacha kusali na mkewe. Baada ya ibada anakushika mkono na kusema, "Mchungaji, nimechoka. Naona heri nilale nisiamke."

1. Kulelewa na mchungaji mzoefu

*Msingi.* Njia hii ndiyo kongwe kuliko zote. Papa Gregori wa Kwanza aliwaandikia wachungaji mwongozo mnamo mwaka 590, na sehemu kubwa yake inahusu namna ya kusema na watu tofauti kwa jinsi tofauti: tajiri na maskini, mwenye furaha na mwenye huzuni. Katika karne ya 17 Richard Baxter, akiwa Kidderminster nchini Uingereza, alitenga siku mbili za kila juma kuzungumza na familia za parokia yake, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekuwa na digrii ya ushauri. Waliitazama shida ya mtu ndani ya maisha yake yote, yaani ndoa, riziki, toba, ugonjwa na kifo, na msaada waliuona katika Neno, sala, sakramenti na jamaa ya waamini.

*Anayekusahihisha.* Ni yule mchungaji mwenyewe, mara nyingi njiani mkirudi kutoka kwenye ziara. Akiwa mtu mwenye hekima, sijui darasa linaloweza kumshinda. Unamwona kwa macho anavyoingia nyumba yenye msiba bila haraka ya kusema, anavyouliza habari za watoto kabla ya kufungua Biblia, anavyojua wakati wa kuondoka. Tatizo ni kwamba unarithi na kasoro zake. Kama yeye huhubiri pale anapotakiwa kusikiliza, nawe utahubiri, ukidhani ndivyo kazi inavyofanywa. Na wanafunzi wengi huona haya kumwuliza mlezi wao, "Mbona yule mama ulimkatiza?"

*Muda na gharama.* Fedha ni kidogo au hakuna. Muda ni mrefu na hauna mwisho unaojulikana, na mwishoni hupati cheti cha kumwonyesha mtu.

*Penye mazito.* Inategemea mchungaji uliyempata. Kwa mzee wetu, mchungaji mzuri wa njia hii atafika nyumbani kesho yake asubuhi, atakaa na mkewe pia, na atajua kama jikoni kuna chakula. Hilo si dogo. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, alipewa mkate na maji, akalala tena, na swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" likaja baadaye sana. Lakini mchungaji ambaye hakuwahi kufundishwa dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, anaweza kuona uchovu wa kiroho tu, akaomba, akaaga. Wengi hawathubutu kuuliza wazi, "Je, unafikiria kujiua?" wakihofu kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeonyesha kuwa hofu hiyo haina msingi, na mara nyingi mwenye mawazo hayo hupata nafuu anapoulizwa.

*Inamfaa* aliye tayari katika huduma, asiye na fedha za masomo, na aliye karibu na mchungaji anayekubali kuulizwa maswali.

2. Ushauri unaosimama juu ya Biblia

*Msingi.* Mwaka 1970 mchungaji wa Kipresbiteri wa Marekani, Jay Adams, alitoa kitabu kilichozua ubishi mkubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba wachungaji wamewaachia wataalamu wa akili kazi ambayo Mungu aliwapa wao, na kwamba waichukue tena. Alikazia dhambi, toba na mazoea mapya ya utii, na alitaka mshauri awe na ujasiri wa kumwonya mtu kwa upendo. Kizazi kilichomfuata, David Powlison akiwa mmoja wao, kilipanua uwanja: mtu si mkosaji tu, ni mwenye kuteseka pia, na moyo wake una matamanio na hofu zinazotaka kusikilizwa kabla ya kuguswa. Anayeipima njia hii leo kwa kitabu cha 1970 peke yake anakosea, kama anavyokosea anayedhani hakuna tena anayeifundisha kwa ukali ule wa mwanzo. Matawi yote mawili yapo, na jina la kozi halitakuambia uko kwenye lipi.

*Anayekusahihisha.* Hapa njia hii iko vizuri kuliko wapinzani wake wanavyodhani. Chama kilichoanzishwa mwaka 1976, ambacho sasa kinaitwa Association of Certified Biblical Counselors, hakitoi cheti kwa kuhudhuria tu. Kuna mafunzo, kuna mitihani ya kuandika ya theolojia na ya ushauri, na kuna saa 50 za kushauri chini ya msimamizi. Lakini zipo pia semina za mwisho wa juma zinazojiita za Biblia ambazo hakuna atakayekuona ukishauri mtu hata mara moja.

*Muda na gharama.* Misingi inaweza kukuchukua miezi michache, na cheti kamili mwaka mmoja au zaidi kwa mtu mwenye kazi nyingine. Mafunzo mengi yanapatikana kwa bei ndogo au bure, na unaweza kusoma ukiwa kazini.

*Penye mazito.* Mzee wetu ataulizwa mambo ambayo njia nyingine huyapita haraka. Kazi ilikuwa imebeba nini katika moyo wake? Anaamini Mungu anamtazamaje sasa ambapo halipwi mshahara? Mshauri mwenye ustadi atamsomea Zaburi ya 88, zaburi inayoishia gizani bila kufungwa kwa shangwe, na mzee atagundua kwamba maneno yake yamo ndani ya Biblia tayari. Huo ni msaada ambao kliniki haina. Hatari iko kwa mshauri mchanga anayekimbilia aya kabla hajamaliza kusikia, ingawa Biblia hiyohiyo inamwambia, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Hatari nyingine ni kuuchukulia ugonjwa wa akili kama uasi. Kabla ya kujiandikisha, mwulize mwalimu swali moja: muumini anayetumia dawa za sonona alizoandikiwa na daktari nimwambie nini? Ukijibiwa kwamba umwambie aache, tafuta mwalimu mwingine. Waalimu makini wa njia hii hawasemi hivyo.

*Inamfaa* mchungaji, mzee wa kanisa au kiongozi wa kikundi atakayeshauri ndani ya kanisa lake, na ambaye tayari anaijua Biblia lakini hajui namna ya kuileta polepole kwa mtu anayelia.

3. Kuunganisha imani na saikolojia

*Msingi.* Watu wa njia hii wanaanza na imani kwamba ukweli wote ni wa Mungu, ukiwemo unaopatikana kwa kuchunguza akili na tabia za watu. Fuller Theological Seminary ya California ilifungua shule yake ya saikolojia mwaka 1965, na mwaka 1973 Rosemead, shule nyingine ya saikolojia ya Kikristo huko California, ikaanza kutoa jarida la saikolojia na theolojia. Tangu hapo vyuo vingi vya Kikristo vimefuata. Ukijiunga utakutana mapema na Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyesema mambo matatu humsaidia mtu abadilike: mshauri amwelewe kutoka ndani, amkubali bila masharti, na awe mkweli asiyevaa sura ya bandia. Rogers mwenyewe alianza kusomea theolojia New York katika miaka ya 1920 kabla ya kuhamia saikolojia, na huenda ndiyo sababu wachungaji wengi humwona si mgeni sana.

Tofauti ndani ya kundi hili ni kubwa. Wengine huchuja kila nadharia kwa Maandiko kwa bidii ya kweli. Wengine hufundisha saikolojia tupu kisha wanafunga kipindi kwa sala, na hayo wanayaita muungano. Soma mtaala, usisome tangazo.

*Anayekusahihisha.* Katika shahada utashauri watu halisi, vikao vikirekodiwa kwa ridhaa yao, na msimamizi ataisikiliza rekodi pamoja nawe. Katika kozi fupi kuna igizo la watu watatu: mmoja mshauri, mmoja mshauriwa, mmoja anatazama na kuandika. Zoezi hili linaonekana la kitoto mpaka siku mtazamaji anapokusomea kwamba katika dakika 10 uliuliza maswali 14 na hukungoja jibu la hata moja.

*Muda na gharama.* Upande wa shahada ndio mrefu na ghali kuliko njia zote zilizotajwa hapa. Kozi ya misingi ni wiki kadhaa hadi mwaka. Cheti cha misingi hakikupi ruhusa ya kujitangaza kama mtaalamu wa saikolojia, na sheria za leseni hutofautiana nchi na nchi.

*Penye mazito.* Hapa ndipo njia hii inapojenga zaidi. Mwanafunzi wake atamwuliza mzee wetu hali hii imeanza lini, usingizi umepotea kiasi gani, hamu ya chakula ikoje, kwani dalili za sonona zikidumu wiki 2 au zaidi karibu kila siku ni jambo la kumfikisha kwa mtaalamu. Atauliza wazi kuhusu kujiua. Kama jibu ni ndiyo, atauliza kama amepanga namna ya kufanya hivyo, kama kifaa chenyewe kiko nyumbani, na nani atakuwa naye usiku wa leo. Hatamwacha aende peke yake. Upungufu huja baadaye. Mzee alikwenda kwa mchungaji, hakwenda kliniki, na chini ya kukosa usingizi kuna swali: Mungu amenisahau? Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu dalili anaweza kulihesabu swali hilo nalo kama dalili, akaliandika kwenye karatasi, akalipita.

*Inamfaa* anayefikiria kuifanya kazi hii kwa muda mrefu, anayehudumia watu wenye majeraha mazito, au anayetaka kufungua njia ya taaluma yenye leseni.

4. Mafunzo ya kliniki hospitalini

*Msingi.* Anton Boisen alikuwa mchungaji wa Marekani aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920. Alitoka humo akiamini kwamba wanafunzi wa theolojia wanapaswa kuwasoma watu kwa makini kama wanavyosoma maandiko ya kale. Aliwaita wagonjwa nyaraka hai za kibinadamu. Mwaka 1925, akiwa kasisi wa hospitali ya Worcester, Massachusetts, alipokea kundi la kwanza la wanafunzi. Daktari Richard Cabot alikuwa miongoni mwa waliounga mkono wazo la kumpeleka mwanafunzi wa theolojia wodini kama anavyopelekwa mwanafunzi wa udaktari.

*Anayekusahihisha.* Kwa kigezo hiki sioni wa kushindana nayo. Unamtembelea mgonjwa, unarudi, unaandika kwa kumbukumbu kila alichosema yeye na kila ulichosema wewe, mstari kwa mstari, pamoja na vituo na machozi. Kisha unasoma mbele ya wanafunzi wenzako na msimamizi. Chukua mfano. Mgonjwa amesema, "Watoto wangu hawajaja." Mwanafunzi amejibu, "Mungu hawezi kukuacha." Sentensi ya mwanafunzi ni ya kweli, na ndiyo sababu inauma kundi linapouliza: yeye alikuwa anazungumzia watoto, wewe ulikimbilia wapi, na ulikuwa unakimbia nini? Mara nyingi jibu linafika nyumbani kwa mwanafunzi mwenyewe, kwa mama yake aliyemwacha mbali, au kwa kifo ambacho hakukililia. Wengine hutoka katika chumba hicho wamekasirika. Wengi hurudi.

*Muda na gharama.* Kitengo kimoja, yaani awamu moja kamili ya mafunzo haya, kwa kawaida ni saa zisizopungua 400, kati yake 100 au zaidi zikiwa za mafundisho na mazungumzo na msimamizi, zilizobaki zikiwa za huduma. Kwa muda wote ni kama wiki 10 hadi 12, na kwa anayefanya kazi kwingine ni miezi kadhaa. Ada ipo, na hospitali zenye programu kamili haziko kila mahali.

*Penye mazito.* Unaishi ndani ya mazito: kifo cha usiku, mtoto aliyezaliwa mfu, mgonjwa anayekukataa mlangoni. Rufaa hujifunzi kwa kitabu, maana daktari na muuguzi wako hatua chache kutoka ulipo. Mbele ya mzee wetu utaweza kukaa bila kukimbia ukimya wake, kama rafiki za Ayubu walivyokaa siku saba kabla ya kuharibu mambo kwa hotuba. Upungufu wake ni wa aina mbili. Wodini unawahudumia watu wa imani zote na wasio na imani, na baadhi ya wanafunzi huona Maandiko yamewekwa kando mno. Pia wagonjwa wengi utawaona mara moja au mbili tu, kwa hiyo kumsindikiza mtu kwa miezi, au kushauri wanandoa, utajifunzia kwingine.

*Inamfaa* anayejiandaa kwa huduma ya hospitali, gereza au jeshi, na mchungaji yeyote anayejijua kuwa na jibu la haraka kwa kila jambo.

Kwa hali yako

Kama unahudumu tayari na watu wanakujia wiki hii, usingoje muhula wa chuo. Tafuta mchungaji wa kukulea, jifunze dalili za hatari ya kujiua, na andika namba za daktari na za mtaalamu wa akili unaoweza kuwapelekea watu. Fanya hivyo kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia. Usiahidi usiri usio na kikomo, kwa sababu mtoto akiwa hatarini hutaweza kuutunza. Na mke anayepigwa usimkalishe meza moja na mumewe ili "mpatanishwe". Kwanza usalama wake, na shauri lake lisikilizwe akiwa peke yake.

Kama Biblia unaijua lakini watu wakilia unababaika, njia ya pili pamoja na maigizo ya watu watatu kutoka njia ya tatu itakufaa kuliko moja peke yake. Waandishi wa pande hizo mbili hubishana vikali, lakini mwanafunzi wa misingi anaweza kukopa zoezi bila kuhama kambi.

Kama wewe ni kijana, una miaka ya kusoma, na unaona hii ndiyo itakuwa kazi yako, anza kwa shahada ya njia ya tatu na uongeze kitengo kimoja cha hospitali katikati. Ukiwa huwezi kulipia shahada, kitengo hicho kimoja pamoja na mlezi mzuri wa kanisani vinaweza kukufikisha mbali kuliko rundo la vyeti vya mtandaoni.

Kama huna chochote isipokuwa simu na intaneti, soma, ila tafuta wenzako wawili mfanye igizo kila juma, na mmoja wenu awe anaandika. Mkimpata mchungaji au mshauri mzoefu wa kuwasikiliza mara moja kwa mwezi, mna kitu ambacho kozi nyingi za kulipia hazina.

Na kama umetoka kwenye msiba au talaka juzi, na hilo ndilo linalokusukuma kutaka kuwasaidia wengine, keti kwanza upande wa mshauriwa kwa miezi kadhaa. Msimamizi mzuri wa njia yoyote kati ya hizi nne atakuuliza habari za huo msiba siku ya kwanza, na itakuwa rahisi kumjibu kama umeshamsimulia mtu mwingine kabla yake.